Nilivyokwenda Italia Nikanyamaza

Kwanza kabisa, ili mniache nipumue: Papa sikumwona. Tangu nishuke kwenye basi pale sokoni Mlola, hakuna mtu aliyemaliza salamu kabla ya kuniuliza Papa anafananaje. Sijui anafananaje. Nilikaa mbali naye kama ninyi mnavyokaa mbali na Gavana. Mnataka safari, haya, nitawapa safari, ila msitegemee raha. Yangu ilikuwa ya kungoja, kuudhiwa, na kungoja tena. Anayedhani kusomea ng'ambo ni kula keki, asogee karibu anisikilize.

Habari za karatasi na vibali naziruka, maana Padri ndiye aliyehangaika nazo na zilimtoa jasho. Lenye maana ni sharti nililopewa. Hospitali moja ya masista huko Italia ilikubali kunifundisha ukunga, lakini kwanza nijifunze Kiitaliano katika chuo cha lugha, na mwisho nifanye mtihani wa kusema mbele ya wakaguzi. Nikifaulu, naingia hospitali. Nikishindwa, napandishwa meli, narudi kuosha mabakuli ya zahanati kama zamani.

Mnaoijua nyumba yetu mnajua kwa nini niliutaka ukunga. Dada yangu Benadeta alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu. Wazee wakashauriana, wakashauriana, ndipo wanaume wakaleta machela, tukaanza kumbeba kwenda Lushoto. Mimi nilikuwa nyuma na kichanga mgongoni. Hatukufika. Basi nilipoambiwa kuna mahali mtu anafundishwa kuizuia damu ile, ningekubali hata kama lugha yenyewe ingekuwa Kichina.

Mlola hadi Mombo: dakika tano

Aliyenisindikiza barabarani ni Bibi, mama mzaa baba. Yeye ni Mwislamu wa swala tano na hakuipenda hii safari ya kwa mapadri, lakini alikuwa amenitwangia makopa ya muhogo mkavu, akajaza unga kwenye mfuko wa turubai na kuushona mdomo kwa uzi wa katani. "Chakula cha watu kikikushinda, songa bada yako ule," aliniambia. Kisha akanishika mkono.

"Huko unakokwenda usiwe na mdomo. Mkubwa akisema, wewe nyamaza. Mkubwa asiposema, nyamaza vilevile. Akikupa neno, hapo sasa useme."

"Ee, Bibi," nikasema, nikapiga goti.

Wala haukuwa wosia mpya, ndio tuliolelewa nao sote. Ninautaja kwa sababu ulikuja kunitesa kuliko bahari.

Basi likaondoka limejaa kabichi na mapeasi, na watu tumebanwa katikati ya mizigo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulipofika kwenye ile kona ya msituni, kabla ya kuteremkia Lushoto, tukakuta udongo umeporomoka na kufunga njia. Dereva akazima moto, akageuka, akasema, "Dakika tano tu, jamani."

Ile kona ndipo Benadeta alipokatia roho. Kati ya kona zote za Usambara, tukwame pale! Nilishuka na viatu vyangu vya kanisani, nikasimama kwenye tope, wanaume wakichimba na mwenye mapeasi akilalamika kwamba mzigo wake utaoza na nani atamlipa. Dakika tano zile zilimaliza asubuhi yote na kula nusu ya mchana. Sikuwa na pa kutazama. Nikitazama juu naona miti ile ile, nikitazama chini naona jiwe tulilomlazia. Nilikasirika mpaka nikachukua jembe nikachimba na mimi.

Tulipofika Mombo, joto likatupiga usoni na treni ya Tanga ilikuwa imeshaondoka. Mkuu wa stesheni aliniambia bila hata kuinua kichwa. Nikalala kwenye benchi la akina mama, mfuko wa makopa chini ya kichwa, nikiamshwa na mbu.

Tanga, Mombasa, na neno "kesho"

Tanga wakaniambia meli haiji tena Tanga, itapakilia Mombasa. Wangenieleza hayo nikiwa bado milimani ningekuwa nimelala kwangu. Nikapanda basi la pwani hadi Mombasa, vumbi mpaka kwenye meno, nikaenda ofisi ya meli. Karani akasema, "Meli kesho, dada."

Kesho yake nikaenda, akasema kesho. Siku iliyofuata alianza kunicheka kabla sijafika mlangoni. Masista walionipokea walikuwa wema, lakini kila jioni niliaga nikilia, na kila asubuhi nikarudi tena kula uji wao, mpaka nikaona aibu kuaga. Siku meli ilipokuja kweli sikuaga mtu. Nilihisi nikiaga itaondoka bila mimi.

Melini: Bi Halima wa Barawa

Mpaka Mogadishu sina la kusimulia. Nilitapika.

Mogadishu akaingia chumbani kwetu kule chini mama mmoja mnene, mwenye mtandio wa hariri na sanduku la haluwa. Jina lake Bi Halima, mwenyeji wa Barawa, anakwenda kumwona mwanawe aliyekuwa akifanya kazi Italia. Aliposikia nikiomba maji kwa Kiswahili akapiga kofi la furaha, maana watu wa Barawa nao wana Kiswahili chao, kina ladha yake lakini tulielewana. Na Kiitaliano alikijua kweli kweli, amekaa na Waitaliano maisha yake yote. Nikamshukuru Mungu: mwalimu nimempata kabla ya kufika.

Thubutu! Bi Halima hakutaka kunifundisha hata kuhesabu. Alitaka kujua nimemkimbia nani.

"Binti mzima, huna mume, huna kaka, uko baharini peke yako," alisema. "Umetoroka?"

"Sikutoroka, mama. Nakwenda kusoma."

"Kusoma nini?"

"Kiitaliano."

"Hakuna mtu anayekwenda mbali hivi kusoma maneno. Niambie ukweli, mimi ni mtu mzima, sitasema."

Kila siku hivyo. Alinilisha haluwa mpaka meno yakauma, akanipaka mafuta ya karafuu kifuani nilipougua, na kila akimaliza wema wake ananiuliza nimemkimbia nani. Mfereji wa Suez tuliungoja kuuingia juani, meli imesimama, joto la kuchemsha mayai, naye ananiuliza. Mimi siwezi kumfokea, ni sawa na mama yangu. Nikawa najibu "Hapana, mama," macho chini, moyoni nachemka.

Siku ya kuagana, bandari imeshaonekana, ndipo akanipa somo lake moja. "Mwanangu, wewe una adabu sana. Sasa sikiliza. Waitaliano wanasema wote kwa pamoja. Ukisubiri zamu yako utazeeka." Akanipa haluwa iliyobaki na kushuka. Nilidhani ananitania.

Forodha na treni

Tulishukia Venezia, mji uliojengwa majini, na wote mnaotaka kuusikia poleni, kwa sababu nilichokiona mimi ni chumba cha forodha. Bwana forodha alikata uzi wa Bibi, akachungulia unga, akaunusa. Akaniuliza. Sikujua. Akamwita mkubwa wake, naye akanusa. Mkubwa akamwita mkubwa wake. Wote wakawa wamesimama wanautazama unga wa makopa kana kwamba utasimama useme. Mwisho nikachota kidogo nikautia mdomoni mkavu, nikatafuna mbele yao, nikikaribia kupaliwa. Wakacheka, wakanipigia muhuri. Treni yangu, nadhani mmeshakisia, ilikuwa imeondoka.

Niliyoipata jioni ilikuwa na mama mmoja na wanawe walionipa mkate na kunionyesha kwa mikono kitu chenye manyoya na meno. Simba. Waliniuliza simba. Huyo alikuwa wa kwanza, na tangu siku ile sikupumzika na simba. Nitawaelezaje kwamba kwetu kuna kabichi? Nimekua nikilinda mbaazi zisiliwe na ngedere, simba sijawahi kumwona hata mkia. Lakini nikisema hapana, nyuso zinanywea, basi nikachoka, nikawa nasema ndiyo, wapo, wengi.

Na baridi. Mji wa chuo uko mlimani, nyumba za mawe, ukungu wa asubuhi ule ule wa kwetu. Nilishuka nikajisikia nimefika Lushoto. Sinyora Ines, mjane aliyenipangisha chumba, alinipokea stesheni na mablanketi, akanizungushia mpaka nikashindwa kutembea. Nilikuwa natoka jasho. Kila nilipovua alinivika tena, huku akitikisa kichwa kwa huruma.

Huyu Sinyora alikuwa mtu mwema kuliko wote na alinikera kuliko wote. Jioni moja nilinusa jikoni kitu ninachokijua. Nikaingia, nikamkuta anasonga ugali! Ugali wa mahindi, wa njano, kwenye sufuria kubwa, na mwiko. Machozi yakanitoka. Nikakaa mezani, nikanawa, nikamega kwa mkono. Sinyora akashtuka, akauchukua ugali, akauficha kabatini, akaniletea tambi. Kumbe kwao ugali ni chakula cha dhiki, anakula mwenyewe akiwa hana mgeni. Mgeni anapewa tambi. Mimi naomba ugali, yeye anadhani namwonea huruma, ananiongezea tambi. Tulivutana hivyo majira mazima ya baridi, yeye jikoni anakula ugali wangu kwa siri, mimi sebuleni nakula heshima.

Darasani

Sasa ndiyo nafika kwenye lililonitokea puani.

Chuo kilikuwa upande wa juu wa mji, na njia ya kwenda inapita kwenye kisima cha mawe wanapoota jua wazee. Nani kati yenu angepita mbele ya wazee wale bila kusalimu? Nilisimama, nikapiga goti kidogo, nikawauliza wameamkaje, na nyumbani, na miguu. Mmoja mmoja. Walifurahi sana, wakawa wananisubiri. Mimi nikawa nachelewa kila siku. Mwalimu Marta, msichana mdogo kwangu lakini mwalimu ni mwalimu, aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa nasalimu. Akaandika kitu.

Darasani tulikuwa vijana wa nchi mbalimbali, na katikati yetu mtu mzima mmoja, Mzee Olafu. Alitoka nchi za kaskazini kabisa, ndevu nyeupe, viganja vipana vya seremala mstaafu. Binti yake ameolewa na Mwitaliano, na wajukuu hawajui lugha nyingine, basi mzee kaja kujifunza ili aweze kuongea nao. Nilipoingia siku ya kwanza nikamkuta kakaa nyuma, nikampisha kiti cha mbele. Akakataa. Nikasimama mpaka akakaa. Vijana wakacheka.

Mwalimu Marta alikuwa akiuliza swali, vijana wanapiga kelele wote kwa pamoja. Nikamkumbuka Bi Halima: hakuwa akinitania. Mimi nilikuwa najua jibu. Jamani, nilikuwa najua! Nilikariri usiku mpaka Sinyora akagonga ukuta. Lakini Mzee Olafu yupo, hajasema, midomo yake inatetemeka anatafuta neno, na mimi mtoto wa watu nimtangulie? Namsubiri. Na yeye hasemi. Kengele inalia, tumeketi wawili kimya, vijana wamesema yote.

Mbaya zaidi, Mwalimu akatupanga wawili wawili tusahihishane, mimi na Mzee. Mzee akasema sentensi yake, imepinda vibaya. Mwalimu akaja, "Franceska" (jina Fransiska hakulitaka), "Mzee amekosea wapi?"

Nilijua alipokosea. Tena mahali pawili. Lakini nimwambie mtu mwenye wajukuu, mbele ya vijana wanaocheka, wewe umekosea hapa? Nikatazama sakafu.

"Sijui, Mwalimu."

Akaandika tena. Yakawa mazoea, yeye anauliza, mimi sijui, yeye anaandika. Karibu na mwisho aliniita peke yangu, akaniambia polepole, kama anayeongea na mgonjwa, kwamba huruma anayo lakini hawezi kunipeleka kwenye mtihani. Eti sielewi kitu, naye atamwarifu Padri. Na mimi nikafanya nini? Nikanyamaza! Mwalimu anasema, nitamkatizaje? Nikapiga goti, nikatoka. Nikaenda kulia chooni, nimejikasirikia, nimewakasirikia wote, nimeukasirikia hata wosia wa Bibi. Nilimwona Benadeta kwenye ile kona, na mimi natupwa kwenye meli kwa sababu ya adabu.

Mzee Olafu ndiye aliyenikuta baadaye kwenye ngazi za chuo na macho mekundu. Hakuuliza. Alitoa mkate na samaki wa moshi, akanikatia nusu. Mtu akikupa chakula chake unamrudishia, hilo nalijua, basi Jumapili nikamwalika kwa Sinyora Ines, nikamsongea bada ya makopa, na maharage. Sinyora alikuwa hana raha hata kidogo: mgeni kapewa kitu cheusi kinachonata! Mzee akamega kwa mkono, akala, akaongeza. Aliposhiba akajifuta ndevu, akaniuliza kwa Kiitaliano chake kibovu, "Binti, hapa mezani unaongea sana. Darasani huongei. Kwa nini?"

Ameniuliza. Mkubwa ameniuliza! Basi nikamwaga yote. Nikamwambia kwetu mdogo hamtangulii mkubwa, nilikuwa namsubiri yeye aseme, kila siku, tangu siku ya kwanza.

Mzee akasukuma sahani kando. Uso ukawa mwekundu, akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza. "Mimi," akasema akijipiga kifua, "mimi nilikuwa nakusubiri wewe! Kwetu mwanamke anatangulia. Mlangoni, mezani, kila mahali. Mama yangu alinipiga kwa hilo."

Nilimtazama. Sikucheka, nataka mjue. Miezi yote ile! Mimi namngoja mzee, mzee ananingoja mwanamke, na Mwalimu Marta katikati anaandika kwamba ana mabubu wawili. Nilitaka kumpiga mtu na mwiko, sema sikumjua wa kumpiga.

Tukapatana. Akitaka kunipa neno, atagonga meza mara moja kwa vidole, nami nitakuwa nimeruhusiwa. Jumatatu Mwalimu akauliza swali, Mzee akagonga, mimi nikajibu. Akauliza tena, Mzee akagonga. Vijana wakageuka wote. Mwalimu Marta akaweka kalamu chini, akaja mpaka mezani kwangu, akaniuliza mambo ya juma zima, na vidole vya Mzee vinalia kwenye meza, na mimi najibu. Mwisho akauliza, "Ulikuwa wapi siku zote, Franceska?" Nikamwambia nilikuwa hapa hapa. Siku hiyo alirudisha jina langu kwenye mtihani.

Mtihani

Mtihani wenyewe ulikuwa wa wawili wawili mbele ya wakaguzi watatu, wote wazee, mmoja ana sikio la kukinga kwa kiganja. Walipotupanga, nikatiwa na nani? Na Mzee Olafu. Wakasema, "Simulieni safari moja mliyosafiri. Aanze Mzee."

Mzee akaanza. Alikuwa amejiandaa na safari ya mashua ya baba yake, nimeisikia mara nyingi kwenye ngazi za chuo. Sentensi ya kwanza ikapita. Ya pili ikamkwama. Akaianza upya, ikakwama pale pale. Jasho likamtoka mpaka kwenye ndevu. Wakaguzi wakasubiri, kisha yule wa katikati akaniangalia mimi, akangoja niseme. Muda wetu ulikuwa mmoja, wa wote wawili, nao ulikuwa unakwisha.

Na mimi nimekaa. Neno analolitafuta ninalo, liko mdomoni. Lakini Mzee bado anasema, hajamaliza, bado anapigania safari yake, na nikiingia sasa nimemnyang'anya mbele ya watu. Mkaguzi akachukua kalamu. Nikaiona ile kalamu, nikaona meli, nikaona mabakuli ya zahanati, na bado mdomo haukufunguka. Wallahi Bibi alinilea vizuri.

Mzee akaiona kalamu vilevile. Akanitazama mimi, akatazama mikono yake. Akaacha sentensi yake ilipokwama, hakuimalizia, akagonga meza.

"Sema, binti," akasema kwa sauti. "Mimi nimeshasafiri."

Nikasema. Sikusimulia meli wala Suez. Niliwaambia safari kutoka Mlola kwenda Lushoto, kwa miguu, nyuma ya machela. Niliwaambia blanketi lilikuwa la rangi gani, na njia ilivyoteleza, na wanaume walivyobadilishana mabega, na kichanga kilivyolala mgongoni kwangu hakijui kitu. Nilikosea maneno mengi, nilijua nakosea, sikusimama. Nilipofika kwenye kona nikanyamaza.

Yule mwenye sikio la kukinga akauliza, "Na mlifika saa ngapi?"

"Hatukufika," nikasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Nilifaulu. Mzee Olafu hakufaulu, waliandika kwamba hakumaliza. Nilipolisoma jina lake upande ule mwingine wa ubao nilimfuata uani, nimeshikwa na kwikwi, nikamwambia amepoteza kwa ajili yangu. Akanipiga begani na kile kiganja kipana.

"Wajukuu wangu hawataki cheti," akasema. "Wanataka niwasikilize."

Kurudi

Ya hospitali hayahusu hapa. Nilijifunza nililofuata, nikapewa cheti, nikarudi. Meli ilichelewa. Mombasa wakasema kesho. Mombo treni ilifika basi la Lushoto limeshapanda. Nilizoea, nikakaa kwenye benchi lile lile nikala mayai. Basi la Mlola nalo likapasua gurudumu njiani, na nisingewaambia ni wapi kama nisingejua mtaniuliza: kwenye kona ile. Dereva mwingine, maneno yale yale. "Dakika tano tu." Safari hii nilikaa kwenye jiwe lenyewe nikamngojea dereva amalize.

Na sasa hili la juzi, ambalo nimesikia mnalisimulia vibaya pale sokoni, bora mlisikie kwangu.

Niliitwa kwa Zuhura, mkwe wa Mjomba, uchungu umemshika. Nikakuta chumba kimejaa wakubwa: Bibi yangu, na bibi wengine wa kitongoji, wamekaa kwenye mkeka. Mtoto akazaliwa, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza. Niliijua kwa namna ilivyotoka. Bibi akasema tungoje tuone. Mwenzake akasema kuna majani. Wa tatu akasema anamwachia neno Bibi, na Bibi akasema anamwachia yeye, na huko nje nikamsikia Mjomba anawaambia vijana wafunge blanketi kwenye machela.

Mimi nimesimama nimekunja mikono. Ndiyo, nimesimama! Cheti ukutani zahanati, Kiitaliano kichwani, na nasubiri kugongewa. Hapakuwa na meza mle ndani. Zuhura akageuza uso akanitazama.

"Bibi zangu mnisamehe," nikasema, "nasema kabla yenu." Na sikungoja msamaha. "Wewe, mpe mtoto anyonye. Wewe, fungua mlango niwe na mwanga. Bibi, sogea."

Nilimwambia Bibi asogee. Mlioambiwa hivyo mmeambiwa kweli. Nikaweka mkono tumboni kwa Zuhura, nikakanda kwa nguvu mpaka akapiga kelele, nikamchoma sindano, nikakanda tena, sikuacha. Tumbo likakaza chini ya kiganja. Damu ikapungua. Ikakoma.

Bibi alikuwa amesimama ukutani, mkono kinywani. Kisha akarudi kukaa mahali pake kwenye mkeka.

"Umetufokea kama Bwana DC," akasema.

"Nimefoka, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba," akasema. Akavuta kanga akamfunika Zuhura miguu.

Nikatoka nje kunawa. Wanaume walikuwa wameshainua machela, iko mabegani, wanangoja mgonjwa atolewe.

"Irudisheni," nikawaambia.

Mjomba akanyoosha shingo, akachungulia mlangoni nyuma yangu akimtafuta mkubwa. "Nani kasema?"

"Nimesema mimi."